Saa ya Bwana Geti

Fundi Saa hakuwa na tabia ya kupekua kikapu cha mkewe. Alikuwa anatafuta mkasi, basi. Akaingiza mkono chini ya vitambaa, akatoka na kipande cha uzi mnene uliopakwa nta, kimepigwa fundo huku na fundo huku. Mtu mwingine angekitupa. Yeye, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa ya kupima vitu vidogo, alikizungusha kwenye kifundo cha mkono wake. Kikapwaya. Nafasi iliyobaki ilitosha kupitisha kidole kizima.

Akaketi kitandani, akakijaribu mkono wa pili, utadhani mkono wa pili ungekuwa mnene zaidi.

"Huu ni mkono wa mwanamume," alijisemea. "Na si mimi."

Nikwambie mapema, ndugu yangu, nisikuweke roho juu bure: mwanamke yule hakuwa na hawara. Alikuwa anashona mikanda ya saa. Mumewe hakujua, na balaa lote lilianzia hapo.

Enzi hizo saa ilikuwa inahama kutoka mfukoni kwenda mkononi, na kuhama huko kuliwatia watu kiwewe. Kabla ya vita, mwanamume mwenye heshima zake alikuwa na saa ya mfukoni, nene, yenye mnyororo uliopita juu ya kizibao ili hata asiyeuliza saa ajue kwamba ipo. Saa ndogo ya mkononi ilikuwa pambo la wake za matajiri. Iliitwa bangili, na ilisemwa kwamba haiwezi kushika majira. Mwanamume aliyeivaa aliulizwa hereni zake ameziacha wapi. Halafu vikaja vita. Mtu aliyelala ndani ya handaki, mkono huu una bunduki na mkono ule umeshika udongo, hawezi kuanza kufungua vifungo vya koti ili ajue kama wakati wa kutoka umefika. Askari wakazifunga saa mikononi. Waliorudi walirudi nazo, na vijana ambao hawakwenda popote walipowaona mashujaa wamevaa bangili, wakazitaka bangili. Haukupita muda, hata karani wa posta alikuwa anakunja mkono wa shati ili ionekane.

Fundi Saa aliliona jambo hilo kuwa uhuni. Siku moja pale kwa kinyozi, mbele ya watu, alipiga kifua: "Siku mwanamume akitoka chini ya paa langu na mkanda wa saa mkononi, nivueni hiki kizibao mnivishe gauni!" Watu wakacheka, naye akacheka, na tangu siku hiyo akawa amefungwa na mdomo wake. Kusafisha mashine ya saa ya mkononi alikubali, maana njaa haina kiapo. Lakini kuiuza au kuitafutia mkanda, hapana. Vijana walikuja, wakauliza, wakafukuzwa. Duka likaanza kunuka upweke.

Mkewe alikuwa binti wa fundi wa matandiko ya farasi. Msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, aliushika kabla hajashika mwiko. Siku moja alimfuata mteja mmoja aliyefukuzwa, akamkuta kwenye kona, akamwambia, "Kaka, nipe mkono wako nipime." Ndivyo ilivyoanza. Mabaki ya ngozi aliyanunua kiwandani, ng'ambo ya reli, na hela za mikanda ziliingia kwenye chungu. Fundi alikuwa anakula mikanda bila kujua. Mara mbili alimsifu mkewe kwa ustadi wa kubana matumizi.

Uani kwa Fundi aliishi dada yake mkubwa, mjane, aliyefua nguo za watu. Alikuwa mwanamke mwenye macho makali na kazi inayomwachia mdomo nafasi.

"Mdogo wangu," alimwita siku ile ile ya uzi, mikono ikiwa ndani ya beseni. "Mkeo siku hizi anakwenda wapi alasiri?"

"Kwa mama yake mdogo. Anaumwa miguu."

"Miguu hiyo iko upande gani wa mji?"

"Nyuma ya soko."

"Basi mkeo amepotea njia. Mimi nimemwona kwenye geti la reli. Wala hakuwa anasubiri treni ipite. Alikuwa ndani ya kile kibanda, kamshika mkono yule askari aliyerudi vitani. Hivi." Akaudaka mkono wa mdogo wake kwa vidole vyenye povu. "Na wanacheka. Mkono wenyewe anao mmoja tu, huo nao ukishikwa, si ndiyo kakamatwa mzima?"

"Labda alikuwa anamsaidia jambo."

"Anamsaidia kucheka?"

Fundi alijifuta povu kwenye suruali.

"Mimi sisemi kitu," dada yake aliendelea. "Mdomo wangu nimeufunga. Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Nani mwingine anayesema?"

"Si mimi hapa ninayesema? Unataka watu wangapi?"

Jioni, wakila, Fundi alimtazama mkewe usoni kwa namna ambayo hakumtazama tangu wachumbiane.

"Mama mdogo hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Miguu?"

"Miguu… mmoja umepungua."

Maskini, hakujua kusema uongo. Akainamia sahani yake, akaongeza chumvi mahali palipokuwa na chumvi. Fundi aliona shingo yake imelowa jasho, na moyoni akasema: ndiyo. Ni kweli.

*

Bwana Geti, kama mtaa ulivyomwita, alikwenda vitani na mikono miwili akarudi na mmoja, wa kulia. Reli ikampa kibanda kule barabara inapokatisha njia ya treni. Kazi yake ilikuwa kufunga geti treni inapokaribia na kulifungua ikishapita. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye haya nyingi kuliko ilivyompasa mwanamume wa umri wake. Asubuhi moja akaingia dukani.

"Fundi, habari za kazi?"

"Njema."

"Nimekuletea saa uisafishe. Vumbi la makaa limeniingilia."

Akainua mkono mdomoni, akauma ncha ya mkanda, akavuta. Mkanda ukafunguka. Haukuwa na bizimu, kile chuma cha kufungia. Ulikuwa na pete ya shaba upande mmoja na ulimi mrefu wa ngozi upande mwingine, na ulimi ule alikuwa anaupitisha kwenye pete na kuukaza kwa meno. Ulitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani. Fundi aliuchukua, akaugeuza. Mshono wake ulikuwa wa hatua tatu mbele, moja nyuma, tatu mbele, moja nyuma. Hivyo ndivyo alivyoshona marehemu baba mkwe wake. Hivyo ndivyo ilivyoshonwa aproni aliyoivaa yeye mwenyewe dakika ile.

"Mkanda mzuri," alisema polepole. "Umeupata wapi?"

Sasa, mke wa Fundi alikuwa amemsihi sana yule bwana: chonde chonde, mume wangu asijue. Na Bwana Geti alikuwa ameahidi.

"Nime… nimeununua."

"Duka gani?"

"Mbali kidogo."

"Mbali wapi?"

"Kule… upande wa kule." Mtu aliyesimama mbele ya mizinga alikuwa anatokwa jasho kwa swali la mkanda. "Nilitaka kuipeleka saa mjini, lakini shemeji akaniambia hakuna mkono mwepesi kama wako."

"Shemeji yupi?"

"Ah! Watu. Nasema watu wanasema."

Kwa hiyo amefika mahali pa kumwita shemeji, Fundi aliwaza. Akaiweka saa kwenye kisahani.

"Kesho asubuhi uje uichukue."

"Ahsante sana. Nakutegemea, fundi. Kengele ya stesheni haifiki kule kwangu. Nina ratiba ukutani na hii hapa mkononi, basi. Naioanisha na saa ya stesheni mara moja kwa wiki ninapokwenda kuchukua mshahara, mpaka wiki nyingine."

Alisema hayo yote kwa mdomo wake mwenyewe. Fundi aliyasikia yote.

Aliisafisha saa ile vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kila gurudumu alilifuta, kila tundu alilitia tone la mafuta. Halafu akafika kwenye kijiti kile chembamba ambacho fundi hukisogeza saa inapokimbia au inapochelewa, upande mmoja kasi, upande mwingine pole. Akakisogeza kwenye pole. Kidogo tu. Mtu aliyeitazama asubuhi asingeona kitu. Jioni ingekuwa imechelewa kidogo, kesho yake zaidi kidogo, na hivyo hivyo, siku juu ya siku.

Alitaka nini? Alitaka yule bwana achelewe kazini, agombezwe, aonekane mzembe, afukuzwe, ahame mtaa. Hakufikiria treni. Ni ajabu, lakini ndivyo. Mtu mzima, mwenye akili, aliyeishi na saa tangu ujana wake, alichelewesha saa ya geti la reli na hakufikiria treni hata kidogo. Wivu ukimkaa mtu kichwani haubakizi nafasi ya kitu kingine.

*

Siku chache zikapita. Asubuhi moja mke wa Fundi aliingia dukani kwa mlango wa mbele, mlango wa wateja. Gauni lake lilikuwa limelowa maziwa kutoka kiunoni hadi chini. Mguu mmoja haukuwa na kiatu.

"Treni," alisema.

"Treni gani?"

"Imeubeba mkokoteni wa muuza maziwa. Geti lilikuwa wazi, mume wangu. Mimi nilikuwa nyuma, namsaidia kusukuma apande lile tuta. Nimeshika ubao hivi. Nikasikia anapiga kelele, akaruka, na mimi nikaruka. Ubao niliokuwa nimeushika uliondoka mikononi mwangu. Uliondoka hivi hivi, naona."

Akaionyesha mikono yake. Ilinuka maziwa.

"Muuza maziwa je?"

"Kavunjika mguu. Yu hai. Analilia maziwa yake."

"Na wewe? Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nisikilize kwanza." Akavuta stuli ya wateja akakaa, maziwa yakichuruzika sakafuni. "Wamemchukua Bwana Geti. Anaapa kwamba saa yake ilionyesha muda bado upo. Anaapa, na hakuna anayemwamini, wanamcheka kwa sababu ni saa ya mkononi. Na mkanda ule nimeushona mimi. Nilikuficha. Nashona mikanda ya saa muda mrefu sasa, nawapima watu mikono, nauza. Mama mdogo haumwi chochote. Yule bwana hawezi kufunga bizimu kwa mkono mmoja, ikabidi niende pale kibandani mara kwa mara tujaribu hivi na vile, mpaka tukacheka wenyewe jinsi anavyoung'ata."

Fundi aliangalia sakafu.

"Kulikuwa na uzi," alisema. "Kwenye kikapu. Una mafundo."

"Hicho ndicho kipimo cha mkono wake. Kwani ulikiona?"

Mkewe hakuwa na nafasi ya kusubiri jibu.

"Nigombeze baadaye, nigombeze utakavyo. Sasa niambie kama fundi. Nikiukaza mkanda sana, saa inaweza kubanwa ikachelewa? Kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia auvute mpaka mwisho. Nilimwambia usipouvuta utaanguka. Niambie. Ni mimi?"

Hata mtu aliyeanza ufundi wa saa jana alijua jibu la swali lile. Fundi alifungua kinywa.

"Sijui," alisema. "Itabidi niitazame."

Hapo, mimi nisingemwonea huruma hata angenilipa.

*

Alasiri mkaguzi wa reli alifika dukani mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, na mnyororo wa saa yake ulipita juu ya tumbo kutoka mfuko huu hadi mfuko ule. Alikuwa mmoja wa wateja wachache waliobaki.

"Fundi, si wewe uliyekuwa unasema? Pale kwa kinyozi? Bangili si saa!"

"Nilisema."

"Basi kesho nakutaka stesheni uyaseme yale yale mbele ya mkuu wa stesheni, karani akiandika. Kwamba kidude hicho hakifai kazini, kiko mkononi kinagongwagongwa, kinaingia vumbi, ni pambo la kike. Baada ya hapo mimi napitisha amri. Kila mtu wa reli awe na saa ya mfukoni. Madereva, makarani, walinda mageti wote. Watanunua kwako, watasafishia kwako. Umenielewa? Hilo duka lako halitakuwa na mahali pa kukaa inzi."

"Na yule askari?"

"Aliyekwenda kazini na kikuku? Atafukuzwa, tena ashukuru kama hatashtakiwa. Kazi yenyewe tulimpa kwa huruma. Nani atamwajiri mtu wa mkono mmoja?" Akatoa saa yake, akaitazama kwa mapenzi, akairudisha. "Kesho asubuhi. Vaa kizibao."

Alipoondoka, mke wa Fundi alitokeza kutoka nyuma ya pazia.

"Utasema hivyo?"

"Nitasema nitakachokiona."

"Mimi nakuja," alisema. "Kama ni mkanda, niwaambie mwenyewe. Asibebe yeye."

Usiwe mwepesi wa kudhani kwamba Fundi alikuwa ameshaamua. Njia nzima ya kwenda stesheni alikuwa hajaamua. Mkewe alitembea kando yake, ameshika mkoba wenye hela zote za mikanda alizonazo, akisema atawarudishia wote waliomlipa, mmoja mmoja. Fundi alikuwa anasikia na anapiga hesabu ya madereva wa reli. Wako wengi. Na hakuna mtu duniani aliyejua habari za kile kijiti isipokuwa yeye. Alihitaji tu kuyarudia maneno aliyoyasema miaka yote, bila kubadili hata moja, na angetoka pale salama, tena tajiri.

Ofisi ya mkuu wa stesheni ilikuwa na viti vinne, na Bwana Geti hakupewa hata kimoja. Alisimama ukutani, mkono mtupu wa koti umebanwa kwa pini, mkono mwingine hana pa kuuweka. Kwenye kifundo palibaki alama nyeupe ya mkanda. Saa ilikuwa mezani. Mkuu wa stesheni aliisukuma kwa ncha ya kalamu hadi upande wa Fundi, asitake kuigusa.

"Tufungulie tuone."

Fundi akatia kioo chake jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma. Kijiti kilikuwa pale pale alipokiacha. Kukirudisha kwa ukucha ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na wale mabwana wasingejua ametenda nini. Nyuma yake aliisikia benchi ya mlangoni ikilia. Mkewe alikuwa amesogea mbele.

"Haya," mkaguzi alisema, akimkonyeza. "Tuambie kama fundi. Saa za namna hii zinafaa kazini?"

"Ni mkanda?" mkewe aliuliza kwa sauti ndogo. "Mabwana mniwie radhi. Ni mkanda?"

"Mama, nyamaza," karani alisema.

Fundi akatoa kioo jichoni.

"Si mkanda," alisema. "Mkanda hauna kosa lolote. Na saa ni nzima. Mashine ya saa hii ni nzuri kuliko ya kwako, bwana mkaguzi."

Tabasamu la mkaguzi likakwama. "Sasa ilichelewaje?"

"Niliisafisha mimi, siku chache kabla ya ajali. Hiki kijiti kilitakiwa kukaa katikati. Nilikiacha upande wa pole. Kosa ni langu."

"Ulikiacha?"

"Nilikiacha."

"Kwa kusahau?"

Karani alikuwa ameinua kalamu.

"Kwa kusahau," Fundi alisema.

Bwana Geti aligeuza kichwa, akamtazama kwa muda mrefu. Mkaguzi naye alivuta mnyororo taratibu, akaitoa saa yake, akaitazama, akaitazama ya ukutani, akaitazama tena yake, kisha akaiweka sikioni. Mkuu wa stesheni akatoa ya kwake. Karani, aliyekuwa ameificha ya mkononi ndani ya mkono wa shati, akaufunua.

"Hii umeisafisha juzi juzi tu," mkaguzi alisema.

"Hiyo haina neno."

"Utajuaje? Si unasahau?"

Bwana Geti alirudishiwa kazi yake na saa yake. Fundi aliamriwa amlipe muuza maziwa mkokoteni na matibabu. Hakuna aliyemuaga mlangoni.

*

Walirudi kwa njia ile ile. Getini mkewe alisimama, akatazama reli kushoto, akatazama kulia, akavuka. Walipofika nyumbani alimpita wifi yake uani pasipo hata salamu, akaingia chumbani, akamngoja mumewe afunge mlango.

"Umesahau," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe? Wewe unayeacha chakula ukarudi dukani kuhakikisha umekaza kifuniko cha saa ya mtu?"

Fundi akavua kizibao, akakikunja, akakikunjua.

"Ule uzi uliuona lini?"

"Kabla."

"Kabla ya kuisafisha ile saa?"

"Kabla."

"Na wifi akakwambia nini?"

"Kwamba ulimshika mkono."

Mkewe akatikisa kichwa polepole, kila kitu kikijipanga mbele yake. "Kwa hiyo ukaniona malaya."

"Nilikuuliza. Ukanidanganya. Miguu ya mama mdogo, sijui mmoja umepungua…"

"Uliuliza habari za miguu! Hukuuliza habari zangu. Ungeniuliza, ningekudanganya mara ya kwanza, ndiyo, kwa kukuogopa wewe na kiapo chako cha kwa kinyozi. Ungeuliza mara ya pili ningekwambia. Mara ya pili hukunipa."

"Nisamehe, mke wangu."

"La kunishuku nitalimeza. Nami nilikuficha, hilo najua." Alikuwa analia sasa, kwa hasira, akijifuta kwa kiganja. "Lakini ulijua kwamba napita pale. Hilo ndilo lililokuuma, kwamba kila siku nipo pale getini. Ulijua, na bado ukaenda kuichelewesha saa ya geti."

"Sikufikiria treni. Naapa kwa kaburi la mama, sikufikiria treni."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Wewe. Nilikuwa nakufikiria wewe tu."

"Hapana," alisema. "Mtu anayenifikiria mimi angefikiria treni."

Usifikiri aliondoka. Aende wapi, na wateja wake wako hapa? Alitoka kwenda kuchota maji afue lile gauni la maziwa, na kesho yake akahamisha meza yake ya kushonea kutoka kona ya jikoni hadi dukani, mbele, penye mwanga. Hakuomba ruhusa, wala hakuna aliyemzuia.

Wateja wakaja. Kinyozi mwenyewe alikuja, akapimwa mkono, na kwa heshima ya nyumba hakutaja gauni. Vijana waliingia na saa mpya, wazee wakaja na saa za mfukoni za baba zao wakitaka zishonewe kifuko cha ngozi cha kuvalia mkononi. Waliuliza, "Mama Mikanda yupo?" na kumpita Fundi aliyekaa karibu na mlango. Saa zao zikiharibika walizipeleka mjini. Habari ya fundi anayesahau ilikuwa imeenea, na dada yake pale uani alikuwa anaapa kwamba yeye tangu mwanzo hakusema kitu. Fundi akajifunza kukata ngozi na kutoboa matundu. Mkewe alizungumza naye: kata hapa, punguza pale, chakula kipo.

Siku moja Bwana Geti aliingia. Pete ya shaba ilikuwa imelegea. Aliung'ata ulimi wa mkanda, akaufungua, akaichomoa saa kutoka kwenye mkanda kwa kidole gumba, akaubakiza mkanda peke yake juu ya meza ya kushonea.

"Shemeji, nitausubiri hapa hapa."

"Hautachukua muda," alisema Mama Mikanda.

Fundi akasimama. Alikuwa amelingojea jambo hili, na alikuwa ameliogopa. Akajipangusa kiganja kwenye aproni, akanyoosha mkono.

"Karibu, Bwana Geti."

Bwana Geti akautazama ule mkono. Yeye alikuwa na mmoja, na ndani yake mlikuwa na saa. Mbele yao palikuwa na meza ya Fundi, safi, tupu, tena imewekwa kitambaa laini, na mtu angeweza kuiweka saa pale kwa nukta moja akasalimiana na mwenzake.

"Samahani, fundi," alisema kwa upole wake ule ule. "Mkono umejaa."

Akakifumba kiganja juu ya saa yake, akasimama hivyo hivyo mpaka mkanda ulipokwisha kushonwa. Fundi akaurudisha mkono wake, akaketi, akaendelea kutoboa matundu.